Baba Alivyomngoja Mkaguzi wa Nyumba

Nyama haimngoji mtu. Hilo nililijua kabla sijajua kushika kisu vizuri, na ninyi mlioajiriwa juzi mtalijua siku ya kwanza mtakapochelewa machinjioni kwa sababu ya mvua, mkute wachinjaji wamekunja mikono, wenye mabucha wamenuna, na nzi peke yao ndio wanaofanya kazi. Mimi nilikagua nyama hapa Babati tangu bado tuko mkoa wa Arusha, mkoa ukamegwa tukawa Manyara, nikaendelea kukagua mpaka nilipostaafu. Wachinjaji waliniita Mama Muhuri. Nyumbani niliitwa Mama Neema. Majina yote mawili bado ninayaitikia.

Kijana aliyechukua nafasi yangu ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi za ukaguzi, uwe wa nyama, wa majengo au wa vyoo vya shule. "Andika uliyojifunza, mama," alisema, "hata ya kuchekesha." Ya kuchekesha yapo, na nitaanza nayo, maana nikianza na yale mengine mtafunga karatasi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Laurenti, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku yangu ya kwanza alinipa buti za mvua za mwenzake aliyekuwa amehamishwa, kubwa mno, nikawa natembea kama bata. Machinjioni walikuwa wanaume peke yao, na hawajapata kumwona mwanamke akiingia pale na kisu mkononi. Nilipoinama kukagua ulimi wa ng'ombe wa kwanza, buti moja ikabaki nyuma kwenye tope, mguu ukaja peke yake. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Laurenti hakucheka. Alisema tu, "Mguu umefika, buti itakuja. Endelea na ulimi."

Alinifundisha kwamba kisu kiwe na mwenzake: kimoja kikigusa jipu, kiweke pembeni uchukue cha pili. Tezi zikate, usizipapase tu, kwa sababu ugonjwa haukai juu juu. Ini lipindue, lichane kwenye mirija yake, ulikamue kwa kidole gumba, na minyoo kama ipo itatoka yenyewe, bapa, kama majani ya chai yaliyolowa. Msuli wa shavu usiuruke hata kama bucha ni la shemeji yako. Na neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Mkaguzi anayefika nyama imeshaoshwa, amekagua maji."

Kulikuwa na mwenye bucha mmoja, simtaji kwa sababu watoto wake huniamkia vizuri. Nililikataa ini la ng'ombe wake, limejaa minyoo. Nilipogeuka kuchukua ndoo ya kulitupia, ini halipo. Tukalitafuta kila mahali. Mzee Laurenti akamwita yule bwana: "Hebu tembea uje hapa nilipo." Akatembea, na kila alipokanyaga buti yake ya kushoto ikalia chwa, chwa, chwa. Ini lilitoka humo limepondeka kama ugali wa mgonjwa. Miaka mingi baadaye, akinikuta sokoni, alikuwa anavua viatu kwa utani na kunionyesha nyayo.

Basi, ya kuchekesha ni hayo. Sasa nawaambia ya nyumba.

Nilikuwa mtumishi wa halmashauri, na nilipanga nyumba ya halmashauri. Ni halmashauri ipi sitasema, wengi waliokuwamo tumekula nao harusini na kuzika pamoja. Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa Singe, kwenye safu ya nyumba za matofali na bati, kila moja na uwanja wake mdogo wa kulimia mahindi. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Binti yangu Neema alikuwa shule ya bweni. Mkoa mpya ulipokuja, watumishi walishuka Babati na magodoro yao kutoka kila upande, vyumba vya kupanga vikapanda bei, na mtu mwenye nyumba ya halmashauri akaonekana amebarikiwa. Nami nilijiona nimebarikiwa, ila chumba cha nyuma kilikuwa na ufa.

Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama mstari wa penseli. Udongo wa pale ni mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, na nyumba hupanda na kushuka nao. Kila masika ufa uliongezeka. Ningeweza kumwita fundi nikauziba mwenyewe, lakini masharti ya nyumba yalikataza mpangaji kugusa ukuta au paa kabla ofisi ya majengo haijaja kukagua. Mwalimu mmoja jirani yangu aliwahi kuziba paa lake bila ruhusa. Aliambiwa ameharibu mali ya umma, akaamriwa alirudishe lilivyokuwa. Likarudi lilivyokuwa, yaani likivuja. Baada ya hapo hakuna mtu wa safu yetu aliyegusa hata msumari.

Kwa hiyo nikaenda ofisini. Mkuu wa ofisi ile tulimwita bwana majengo. Hakuwa mtu mbaya, na nawaombeni mlishike hilo. Alikuwa na mkoa mzima kichwani: ofisi za kujenga, wageni wa kupokea, mafundi wachache na gari moja ambalo kila idara ililililia.

"Lazima paonwe kwanza, Mama Neema," aliniambia. "Alhamisi watapita. Ila mtu awepo nyumbani. Wakikuta mlango umefungwa, wanaondoka."

"Watapita saa ngapi?"

"Asubuhi. Au mchana. Inategemea gari."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alfajiri niko machinjioni, nikitoka huko nazunguka mabucha ya sokoni, na siku za mnada nakwenda mnadani. Nikaomba ruhusa Alhamisi ile, nikakaa nyumbani, hakuja mtu. Nikaomba nyingine, hakuja mtu. Siku niliyorudi kazini, wakapita. Mlango umefungwa, wakaondoka. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa ombi langu limefutwa kwa sababu mpangaji hakupatikana, nianze upya. Nikaanza upya, na mambo yakaenda hivyo hivyo, mpaka wasichana wa pale ofisini wakawa wanaanza kutikisa kichwa kabla sijafika mlangoni.

Wakati huo ndipo mama yangu alipofariki, nyumbani kwetu juu milimani, huko mbele ya Dongobesh, na Baba akabaki peke yake. Nikamleta mjini. Hakuupenda mji. Alikuwa mkulima na mfugaji tangu utoto, na kwangu hapakuwa na cha kuchunga isipokuwa kuku wawili wa jirani. Chumba kilichokuwa wazi ni kile cha nyuma, akalala humo, na ufa juu ya kitanda chake. Jioni moja alinisikia nikilalamika kuhusu Alhamisi zangu.

"Wanachotaka ni mtu wa kukaa tu?" aliniuliza kwa lugha yetu.

"Ndiyo, Baba. Mtu awepo."

"Kukaa naweza."

Nilifurahi, msinicheke. Niliona Mungu ameniletea jibu, na mzee naye amepata la kufanya.

Tangu siku hiyo, kila nilipopewa ahadi, Baba alijiandaa kama mtu anayepeleka posa. Aliamka nami alfajiri, akanyoa, akavaa koti lake la kanisani, akafagia uwanja mpaka barabarani. Alitoa viti viwili mlangoni. Kimoja chake. Cha pili, kile kizuri chenye mto, kilikuwa cha mkaguzi, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kuku wa jirani akikirukia, alifukuzwa kwa fimbo. Alitaka nimwachie chai ya maziwa kwenye chupa, kwa sababu mgeni hawezi kuangalia nyumba ya watu kwa kinywa kikavu. Hakwenda chooni, kwa kuwa choo kiko nyuma na huko hamwoni anayepita. Mama Joseph, muuguzi tuliyepakana naye, aliniambia kwamba mzee hata chakula cha mchana hali, asije akakutwa anatafuna.

Jioni narudi, namkuta pale pale.

"Amekuja?"

"Bado. Labda gari lao limeharibika."

Kisha anamimina ile chai iliyopoa, anainywa mwenyewe taratibu, na kurudisha viti ndani.

Siku moja nilimkuta amesimama, uso unang'aa. "Amekuja!" aliniambia. "Mtu mzuri sana, mpole. Nimemzungusha nyumba yote. Amesema hii ni hatari, hatupaswi kulala humo." Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikauliza gari lilikuwa la rangi gani. Baba akasema hakuwa na gari, alikuja kwa miguu, amebeba mabeseni kichwani. Alikuwa mchuuzi wa mabeseni. Mzee alimkalisha kwenye kiti cha mto, akampa chai, akamwonyesha ufa kutoka juu mpaka chini, na yule kijana wa watu, sijui kwa haya au kwa huruma, alitazama kila kitu na kusema ni hatari. Aliondoka hajauza hata beseni moja. Nilipomweleza Baba, alisema tu, "Lakini ameona."

Nilicheka siku ile. Nilipokwenda kulala nikagundua kwamba yule mchuuzi ndiye mtu wa kwanza, tangu nianze kuomba, kuingia chumba kile na kuutazama ule ukuta.

Baba alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Safari, aliyebaki nyumbani na kutunza mashamba yao wote wawili. Walikua pamoja wakichunga, wakaoa pamoja, wakagombana kuhusu mpaka na kupatana mara nyingi kuliko ninavyojua. Wiki moja ya Pasaka, Jumatano jioni, jirani wa kule kwetu alishuka kwenye basi akaja mpaka nyumbani. Alikataa kukaa, na hapo nikajua. Baba mdogo Safari amefariki, mazishi kesho mchana.

Na kesho ilikuwa Alhamisi. Juma lile bwana majengo alikuwa ameniita mwenyewe akaniambia, "Mama Neema, Alhamisi hii wanakuja kweli. Nimepanga gari. Ila wakikosa mtu, sitaweza tena mpaka mwaka mwingine wa fedha." Nami, wiki ya Pasaka, machinjioni ng'ombe huwa mara mbili ya siku za kawaida. Mwenzangu tuliyepokezana naye kazi alikuwa Arusha kwa matibabu. Bila muhuri wangu, mji mzima ungesherehekea bila nyama, au ungekula isiyokaguliwa, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilikwenda kwa Mama Joseph kumwomba akae yeye; alikuwa na zamu hospitali. Mwalimu alikuwa ameshaondoka likizo, na shule ya Neema ilikuwa bado haijafunga.

Nilirudi nikamwambia, "Baba, nenda ukazike. Basi la kwanza la asubuhi. Nyumba iache."

Alikuwa amekaa kitandani kwake, anatazama ufa. Wakati ule mkono wangu ulipita humo mpaka kwenye kifundo.

"Wamesema wakikosa mtu hawaji tena?"

"Wamesema hivyo, lakini nenda."

"Na masika ndiyo hii."

"Baba, ni Safari."

"Najua ni Safari." Alirudisha macho kwenye ufa. "Safari atazikwa na watu wengi. Hapa nani atakaa? Wewe, na mtoto akifunga shule, ndio mnaolala humu."

Nilimsihi, akageukia ukutani. Alfajiri nilimkuta ameshanyoa, amevaa koti. Nikadhani ameghairi, anakwenda kituo cha basi. Alikuwa anatoa viti.

Siku ile nilikata tezi na kugonga muhuri mpaka kiganja kikawa cha zambarau. Nilikuwa nahesabu moyoni: sasa wanaosha mwili, sasa wanatoka kanisani, sasa wanashusha. Nilipopata nafasi mchana nikakimbia nyumbani. Alikuwa kwenye kiti chake. Kila mtu alipopita barabarani, Baba alinyanyua kichwa kumtazama.

"Ni yule?" aliniuliza, ananionyesha mtu wa baiskeli.

"Siyo, Baba."

Hawakuja. Jua lilizama, mvua ikaanza, na bado alikuwa pale mlangoni, koti linalowa mabegani. Nilipomshika mkono kumwingiza ndani alisema yale yale, kwamba labda gari lao limeharibika. Angewatukana ningepata nafuu. Chai ile hakuinywa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, ofisi zimefungwa. Nilingoja mpaka Jumanne, nikaenda pale moja kwa moja kutoka machinjioni, na aproni na buti. Wasichana walisogea ukutani. Bwana majengo alisimama.

"Shikamoo, mama. Najua. Tulipata ugeni kutoka wizarani, ghafla. Gari likachukuliwa, na mimi mwenyewe nikaambiwa nisimamie viti na maturubai."

"Si ungetuma mtu aseme hamji?"

"Nimtume nani, mama? Kila mtu alikuwa na turubai mkononi."

"Mimi ningesema siendi machinjioni, mji ungekula nini?"

Alifuta uso. Alikuwa amechoka, naliona hilo hata sasa. "Nyama inaoza, Mama Neema. Nyumba haiozi."

Nilitoka sikumjibu. Tangu hapo nimelitafuta jibu kwa miaka, na kila nikilipata naona limeshachelewa.

Vijana wangu, mimi sikuona mtu mwovu popote katika habari hii. Niliona mtu mwenye gari moja, na juu yake watu wenye mamlaka ya kulichukua. Lakini nataka mjue jambo hili, maana chuoni hamtafundishwa. Ukisema utafika Alhamisi, kuna nyumba ambayo Alhamisi inasimama. Kuna mtu hali, haendi sokoni, haendi kliniki, haendi kuzika. Wewe kwako ni mlango mmoja kati ya milango ya siku hiyo. Kama huwezi kufika, tafuta mtu aende aseme hufiki, hata kama ni kwa miguu. Siku hizi kila mmoja wenu ana simu mfukoni, na bado nasikia watu wanangojeshwa.

Mwaka mwingine wa fedha ulikuja na kupita. Baba aliuziba ufa kwa matambara na maganda ya mahindi, kwa kuwa hayo hayakukatazwa. Alianza kukohoa. Nilimhamishia chumba changu, lakini mchana alirudi kule kukaa na vitu vyake. Na ahadi zikiwepo, alitoa viti. Baadaye alianza kuvitoa hata ahadi isipokuwepo. Nilimwambia, "Baba, leo hawajasema." Akanijibu, "Huyo mchuuzi naye hakusema, akaja."

Habari za kwetu zilimfikia. Ukoo ulikuwa umenuna. Kaka mtu kutokwenda kumzika mdogo wake, tumbo moja, na hakuwa mgonjwa wala safarini? Walisema mji umemla, wengine walisema ni ule mpaka wa shamba, kwamba hakumsamehe. Alisikia yote. Nilipomwambia twende tukawaeleze, alisema tungoje kwanza nyumba iangaliwe.

Masika iliyofuata, nikiwa kwenye bucha la sokoni, nilimwona Mama Joseph anakuja mbio na sare yake ya hospitali. "Mama Neema, ukuta!" Nilikimbia na kisu mkononi, watu wakinipisha njia. Kona yote ya nyuma ilikuwa imelala chini, bati linaning'inia, na juu ya kitanda cha Baba palikuwa na rundo la matofali lenye urefu wa mtoto. Nilipiga kelele. Mama Joseph akanivuta kwa mkono akanipeleka mbele ya nyumba.

Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, koti limejaa vumbi, na kiti cha mto kitupu pembeni.

"Ukuta umeanguka," aliniambia, kama mtu anayetoa taarifa. "Lakini mtu bado sijamwona."

Gari lilipatikana siku hiyo hiyo. Lilikuja na bwana majengo, na watu wengine, na kijana mmoja mkaguzi aliyekuwa ndiyo kwanza ameripoti kazini. Bwana majengo aliuona ule ukuta, akavua kofia. "Tumshukuru Mungu," alisema, "mzee alikuwa nje."

"Alikuwa nje anakungoja wewe," nikamwambia.

Akarudisha kofia kichwani, akaenda kusimama karibu na gari.

Yule kijana alimfuata Baba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Baba alisimama kwa shida. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, cha sokoni na kanisani. "Wewe ni wa nyumba?"

"Ndiyo, mzee. Ni mkaguzi."

"Kweli wa nyumba? Si wa beseni?"

Kijana hakuelewa, akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aitikie.

"Wa nyumba, mzee."

"Kaa," Baba akasema, na kumwonyesha kiti cha mto. Kijana alitaka kusema ana haraka, nikamwona anataka kusema, lakini akautazama uso wa mzee akakaa. Nitampenda kwa hilo mpaka nife. Baba akammiminia chai, akasubiri anywe, kisha akamwongoza nyuma na kumwonyesha kwa fimbo: hapa ulianzia, hapa ulipita, hapa nimeweka matambara. Ukuta wenyewe haupo, anaonyesha hewani. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nyumba hii haifai tena kukaliwa. Itabidi mhame."

"Umeona yote?"

"Nimeona yote."

"Asante." Akanigeukia, na kwa lugha yetu akasema, "Sasa nipeleke nyumbani."

Tulihamia vyumba viwili vya kupanga huko Nakwa. Kona ile fundi aliijenga upya, akaimaliza hata kabla sijaizoea njia ya Nakwa, na akaingia mpangaji mwingine. Nikipita pale naona mapazia yake. Sijawahi kugonga.

Baba sikumchelewesha. Niliomba ruhusa, tukapanda basi, tukapita Dareda na kupanda ule mlima, yeye akiwa dirishani na koti lake la kanisani, nililolifua lakini vumbi la matofali lilikataa kutoka kwenye mishono. Huko juu palikuwa na baridi na mahindi yalikuwa mabichi. Watu walitusalimia vizuri, lakini hakuna aliyecheka. Walitupeleka kaburini nyuma ya nyumba, wazee wachache wa ukoo na mama mdogo, mjane wa Safari. Majani yalikuwa yameshaota juu ya udongo.

Baba alisimama pale muda mrefu. Kisha mama mdogo, ambaye nadhani alikuwa ameliweka swali lile moyoni tangu siku ya mazishi, akamwuliza mbele ya watu wote.

"Shemeji, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini," Baba akasema.

Wazee wakatazamana. Mtu wa umri ule, haoni vizuri, hana jembe wala ng'ombe.

"Kazi gani, shemeji?"

"Kulikuwa na mtu anakuja kuiangalia nyumba ya mtoto. Ilitakiwa nimngoje."

Mama mdogo akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Akaja?"

Baba aliinama, akang'oa jani moja kaburini, akalishika.

"Alikuja," akasema.

Hakusema lini, na mimi sikusema.